Kuseti tapeti na taimingi ya Volks kobe mwenyewe, injini ikiwa ya baridi

Ukiwasha Volks asubuhi ukasikia nyuma huko tik tik tik tik kama cherehani, tulia, huo ni mlio wa tapeti (zile skrubu na roka, yaani vyuma vinavyosukuma valvu) zenye nafasi na hiyo injini inapumua vizuri. Ya kuogopa ni ile iliyo kimya kabisa. Nasema hivi kwa uchungu, maana gari yangu ni 1300 ya mwaka 1970, niliachiwa na baba, na mara ya kwanza kuipeleka kwa fundi nilimwambia kelele za tapeti zinanikera, akazikaza kwa sikio mpaka zikanyamaza, nikafurahi, nikamlipa. Wiki tatu baadaye naelekea Iringa, katikati ya Kitonga gari ikaanza kukosa nguvu, ikamisi, ikawa inapiga risasi kwenye egzosi, nikavutwa mpaka juu. Tulipofungua hedi, valvu ya egzosi ya silinda namba 3 imeng'atwa pembeni kama biskuti.

Sababu yake ni hii. Valvu ya egzosi inapigwa na moto muda wote na inapoa zaidi pale inapofunga na kukalia siti yake, joto linahamia kwenye hedi. Ukiikaza haifungi hadi mwisho, moto unapita pembeni yake kila mlipuko na inaungua. Na hiyo namba 3 kwenye injini za miaka ile ndiyo inayopata moto kuliko wenzake kwa sababu oil kula (kile kipoza oili) imekaa ndani ya boksi la feni juu yake na inaziba upepo, kuanzia modeli za 1971 VW wakaisogeza. Kwa hiyo ukiwa na wasiwasi na silinda yoyote anza kuichunguza 3.

Sasa mpangilio wa kazi, na huu usiuvunje: kwanza tapeti, halafu pointi (kiswichi cha ndani ya distribyuta, ile inayogawa umeme kwa plagi), mwisho taimingi, yaani wakati wa plagi kuwasha moto. Ukigusa pointi taimingi inahama, lakini ukigusa taimingi pointi hazihami, kwa hiyo anayeanza na taimingi atairudia tu.

Vifaa sio vingi. Fila geji nzuri ya kupimia nafasi ndogo (ile yenye bleidi ya milimita 0.15 na ya 0.40), spana ya 13, spana au soketi ya 21, bisibisi bapa pana, spana ya 10, balbu ya volti 12 yenye nyaya mbili, gasketi mpya mbili za vifuniko vya tapeti, beseni na matambara. Hakuna kitu cha bei hapo.

Gari ilale usiku mzima. Sio kupoa masaa mawili, hapana, ilale, kwa sababu kipimo cha 0.15 ni cha injini ya baridi kabisa na hedi za aluminiamu zikipata moto zinatanuka na namba zako zote zinakuwa uongo. Mimi nafanya alfajiri kabla jua la Dar halijachoma. Kipimo chenyewe ni 0.15 kwa intek (valvu ya kuingiza) na egzosi (ya kutoa moshi) zote mbili kwa 1300, 1500 na 1600, na ukikuta kitabu cha zamani kimeandika 0.10 jua kwamba VW wenyewe waliipandisha baadaye kwenda 0.15, fuata hiyo. Injini za 1200 za zamani zaidi zina vipimo vyake, hizo angalia kitabu cha gari yako.

Namba za silinda zinachanganya watu wengi. Simama nyuma ya gari ukiangalia mbele: kulia kwako iliyo mbali ni 1, kulia iliyo karibu na wewe ni 2, kushoto ya mbali ni 3, kushoto ya karibu ni 4. Mpangilio wa kuwaka ni 1-4-3-2. Kila upande valvu mbili za pembeni ni egzosi na mbili za katikati ni intek.

Weka gia fri, vuta hendibreki, zuia matairi na mawe, ukiinua gari weka stendi, usiingie chini ya jeki peke yake hata kwa dakika moja. Toa kifuniko cha distribyuta. Kwenye mdomo wa distribyuta pana kamkwaruzo kadogo, hapo ndipo rota (kile kipande kinachozunguka ndani yake) inatazama silinda ya 1 inapokuwa juu tayari kuwaka. Shika nati ya puli ya dainamo kwa spana ya 21, zungusha injini (mkanda uwe umekaza, la sivyo utateleza tu) mpaka rota iangalie ule mkwaruzo na alama ya puli ya chini ikae kwenye ule mstari ambapo nusu mbili za bloku zinakutana. Ukitoa plagi zote kwanza injini inazunguka laini, mkono hauumii.

Ingia upande wa kulia, chomeka bisibisi kwenye ule waya unaobana kifuniko, usukume chini, kifuniko kitaachia na oili kidogo itadondoka kwenye beseni. Shika roka mbili za silinda 1 kwa vidole uzitikise. Zote ziwe na uhuru kidogo, ukikuta moja imebana kama jiwe basi ama hauko sehemu sahihi ama hiyo valvu haina nafasi kabisa, rudi uangalie rota. Pitisha bleidi ya 0.15 kati ya skrubu na kichwa cha valvu. Inatakiwa ipite huku inakwaruza kidogo, kama unavyovuta karatasi iliyowekewa kitabu juu. Ikikataa kuingia au ikipita bila kugusa, legeza loki nati kwa 13, zungusha skrubu kwa bisibisi huku bleidi iko ndani, ukipata ule mkwaruzo shikilia bisibisi isihame na ukaze nati. Halafu pima tena, LAZIMA upime tena, maana nati inapokaza inaburuta skrubu na ile nafasi uliyoipata inapotea, mimi mpaka leo kuna valvu narudia mara tatu.

Angalia pia ncha ya skrubu. Skrubu iliyotumika sana inachimbika katikati, inakuwa na kashimo, bleidi inakaa juu ya kingo za kashimo na wewe unaona 0.15 kumbe nafasi halisi ni kubwa zaidi, ndio maana gari nyingine unaseti vizuri na bado zinapiga kelele kuliko kawaida. Dawa ni skrubu mpya.

Ukimaliza 1, zungusha injini kinyume cha saa nusu mzunguko wa puli ya chini, yaani rota irudi nyuma robo, uko silinda 2. Nusu nyingine 3, nusu nyingine 4. Ukirudi kinyume inakuja 1, 2, 3, 4 kwa mstari na hauhitaji kukumbuka ile 1-4-3-2. Piga alama ya rangi nyeupe upande wa pili wa puli ili nusu mzunguko uione bila kukisia. Andika kila namba uliyoikuta kabla ya kurekebisha. Valvu ya egzosi ikiwa kila ukifungua nafasi yake imepungua wakati nyingine zimetulia, hiyo valvu inavutika au siti yake inazama, usiendelee kuiongezea nafasi ukasahau, fungua hedi kabla kichwa cha valvu hakijakatika na kudondokea pistoni.

Gasketi gundi upande wa kifuniko tu, upande wa hedi uwe mkavu, safisha vizuri, rudisha waya.

Pointi ni haraka. Zungusha injini mpaka mguu wa pointi upande kwenye kilele cha kemu ya distribyuta, legeza skrubu, weka 0.40, kaza, pima tena. Zikiwa zimeungua zina kijilima upande mmoja na shimo upande mwingine badilisha pamoja na kondensa, kupiga msasa ni suluhisho la njiani tu. Tone moja la grisi kwenye kemu, lisizidi, ikirukia pointi gari haiwaki. Plagi hapo hapo ziweke 0.6 mpaka 0.7.

Taimingi sasa. Gari yangu ni digrii 7.5 kabla ya kilele (pale pistoni inapofika juu kabisa) na puli ina kijipengo chake cha alama. Kuna distribyuta za miaka ya 70 mwanzoni zinaseti digrii 5 BAADA ya kilele, kwa hiyo soma namba ya distribyuta yako kwanza. Zungusha injini kufuata saa mpaka kile kijipengo kikutane na mstari wa bloku na rota iko kwa namba 1. Ukipitiliza usirudi kidogo kidogo, rudi robo mzunguko nzima halafu uje tena kufuata saa, kwa sababu gia za ndani zina ulegevu wake. Waya mmoja wa balbu funga kwenye koili, ile terminali namba 1 inayokwenda distribyuta, mwingine kwenye chuma cha injini. Washa swichi. Legeza klampu ya distribyuta, izungushe kufuata saa mpaka balbu izime, halafu irudishe kinyume cha saa polepole sana, pale pale balbu inapowaka simama, ndio sekunde pointi zimefunguka. Kaza. Zima swichi, usiiache wazi unaongea na simu, koili inaungua. Zungusha injini tena kwa mkono mizunguko miwili uone balbu inawaka kwenye alama.

Mwenye distribyuta ya Bosch 009 isiyo na hosi ya vakyum, namba ya kuzingatia ni ya mwisho, tumia taimingi laiti (taa ya kumulika alama za puli injini ikizunguka), injini ikiwa kwenye mizunguko kama 3,000 hadi 3,500 kwa dakika isome digrii 28 hadi 32 kabla ya kilele. Usisogeze zaidi kwa sababu tu gari inaruka vizuri. Injini ya upepo ina kelele, ile nok (mlio wa mafuta kulipuka vibaya ndani ya silinda) ambayo ungeisikia kwenye gari ya maji hapa haisikiki, utajua pistoni ikishatoboka.

Ni injini ngumu hizi, Tommy Fjastad alishinda nayo Safari Rally mwaka 1962 kwenye vumbi na matope yetu haya haya, lakini zilikuwa zinasetiwa.

Mimi tapeti nacheki kila kilomita 5,000 nikibadilisha oili, ile lita mbili na nusu, kitabu kinaruhusu 10,000. Ukishamaliza yote endesha kama kilomita 20, rudi, ipaki kwenye boksi lililokunjuliwa usiku kucha, asubuhi angalia matone ya oili yapo chini ya kifuniko cha upande gani.