Gari limekwisha, bima wanatoa kiduchu: hatua za kudai thamani yake halisi

Nimekaa upande wa madai ya bima za magari hapa Dar es Salaam miaka mingi, kwanza nikiwafanyia kazi kampuni za bima kama mkadiria hasara (asesa, kwa lugha ya mtaani), sasa nikiwasaidia wenye magari. Nimeandika ripoti za pande zote mbili, kwa hiyo najua pesa inapopotelea. Sehemu kubwa hupotelea kwenye namba moja: gari lako lilikuwa na thamani gani dakika moja kabla ya ajali. Anayekuja na karatasi kuhusu namba hiyo hupata. Anayekuja na hasira huondoka na kile alichopangiwa.

Mwongozo huu ni wa mwenye bima kubwa, ile inayofidia hata gari lako mwenyewe, ambaye gari lake limetangazwa hasara kamili, yaani kulitengeneza hakulipi. Kila kampuni ina mstari wake. Wengi huanza kulihesabu gari kuwa limekwisha gharama za matengenezo zikivuka nusu ya thamani, wengine husubiri zaidi. Kama una bima ndogo tu, ile inayofidia watu wengine pekee, na umegongwa na mwingine, dai lako linakwenda kwenye bima ya aliyekugonga. Piga picha namba ya gari lake palepale na uihakiki bima yake kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kabla hamjaachana, maana bima feki bado zipo. Hatua za thamani hapa chini zitakufaa na wewe.

Hatua ya 1: Siku ya ajali

Subiri trafiki afike, magari yasisogezwe kabla hajachora, ila kama yanahatarisha watu. Piga picha nyingi: gari zima kutoka pembe nne, namba, barabara, alama za breki, na dashibodi ikionyesha kilomita. Picha ya kilomita wengi huisahau, na betri ikishachomolewa yadi huipati tena. Usiandike popote wala kumwahidi mtu kwamba "mimi ndiye mwenye kosa, nitalipa". Mikataba mingi inakataza kukiri bila ridhaa ya kampuni.

Toa taarifa kwa bima au wakala wako siku hiyohiyo, kwa maandishi. Ujumbe wa WhatsApp si mbaya, ila fuatisha na barua pepe. Polisi utahitaji PF 90, ambayo ni taarifa yao ya ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari, na mchoro wa ajali. Kama kuna majeruhi, PF 3 ni ya hospitali, usizichanganye. Fuatilia mwenyewe, usimwachie "kijana wa ofisini". Madai mengi ninayoyaona yamelala miezi hayakulazwa na bima, yalilala yakisubiri PF 90.

Hatua ya 2: Funga milango ambayo bima wanaweza kutokea

Kabla ya kuzungumzia bei, hakikisha hawana sababu ya kukataa dai zima. Leseni ya aliyekuwa anaendesha iwe hai na ya daraja sahihi. Matumizi yawe yale uliyoandika. Ukikata bima ya gari binafsi halafu gari linafanya teksi mtandao, hapo huna hoja ya kupambana nayo.

Kubwa zaidi ni kadi ya gari. Watu hununua gari mkononi, wanapewa kadi na mkataba wa mauziano, halafu hawaendi TRA kuhamisha umiliki kwa kukwepa gharama. Bima wanaikata kwa jina lao, kadi ina jina la mwenye gari wa mwaka juzi. Ajali ikitokea, kampuni inauliza: hasara hii ni ya nani? Kama uko hapo, tafuta mkataba wa mauziano wenye muhuri wa wakili, ushahidi wa malipo ya benki, na umtafute huyo muuzaji leo, kabla hajasikia kwamba kuna pesa. Na kama gari lina mkopo, jua kwamba benki italipwa kwanza, wewe utapewa kinachobaki.

Hatua ya 3: Kuwepo asesa anapokuja

Asesa mzuri ana magari sita ya kukagua siku hiyo. Akifika yadi akute bonge la chuma lenye vumbi, ataandika "hali ya kawaida" kwenye kila kisanduku. Mpe sababu ya kuandika vingine. Nenda na bahasha yenye risiti za matairi, betri, sevisi, rangi kama ulipiga, redio, rimu. Mwonyeshe tairi lenyewe: tarehe ya kutengenezwa imechapwa ubavuni, tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lililoandikwa 1023 limetoka kiwandani wiki ya 10 ya 2023. Mwombe aliandike.

Usimpe chochote zaidi ya bahasha ya risiti. Nimeona madai mazuri yakiharibika kwa soda.

Angalia pia aandike gari lenyewe kwa usahihi. Mteja wangu mmoja alikuwa na Toyota IST ya sisi 1500 (cc, yaani ukubwa wa injini), ripoti ikaja imeandikwa 1300. Herufi na namba za chasisi zipo kwenye kadi, lakini aliyekuwa anajaza fomu hakuzitazama.

Hatua ya 4: Omba hesabu, usipokee namba tupu

Ofa itakuja kwa simu, na sauti itakuwa ya upole: "Dada, kampuni imeamua kukulipa milioni tisa na laki tisa, njoo usaini." Jibu ni moja: naomba mchanganuo kwa maandishi na nakala ya ripoti ya asesa. Mchanganuo lazima uonyeshe thamani kabla ya ajali, eksesi (sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe), thamani ya mabaki kama unabaki nayo, na makato mengine.

Huyo mteja wa IST alikuwa amegongwa na lori Mlandizi. Gari alilikatia bima kwa thamani ya 14,000,000, akalipa ada ya bima ya asilimia 3.5, yaani 490,000, na VAT 88,200. Mchanganuo ulipokuja ulisomeka hivi: thamani kabla ya ajali 10,500,000, toa eksesi ya asilimia 5 ambayo ni 525,000, analipwa 9,975,000. Akaniuliza swali ambalo kila mtu huuliza: "Walipochukua pesa yangu gari lilikuwa la milioni 14, sasa limekuwa la kumi na nusu?"

Jibu linauma lakini lielewe, vinginevyo utapigana vita isiyo yako. Mikataba mingi inasema watalipa thamani ya soko siku ya ajali au thamani uliyokatia, ile iliyo ndogo. Milioni 14 ni dari tu. Haina ahadi ndani yake, labda mkataba wako uandike wazi kwamba thamani ni ya kukubaliana. Kwa hiyo hoja ya "nililipia 14" peke yake haitakufikisha mbali. Ila kama mlikata bima kwa ripoti ya mthamini wao wenyewe na ajali imetokea miezi miwili baadaye, hapo waulize kwa maandishi: nini kimeshusha thamani milioni tatu na nusu kwa siku sitini?

Hatua ya 5: Jenga thamani yako mwenyewe

Hapa ndipo ukae siku mbili, tatu. Mimi hutumia njia tatu kwa pamoja.

Ya kwanza ni matangazo. Tafuta angalau matano ya gari lilelile: modeli, mwaka wa kutengenezwa, ukubwa wa injini, giaboksi, na kilomita zinazokaribiana. Hifadhi picha ya skrini yenye tarehe na namba ya tangazo, maana kesho limefutwa. Tupa lile la bei ya juu kupita yote na lile la chini kupita yote. Kisha, na hili wengi hawalipendi, punguza kidogo wewe mwenyewe, kwa kuwa kila mtu anajua bei ya tangazo si bei ya kuondokea. Ukipunguza wewe, asesa hana cha kukupunguzia.

Ya pili ni yadi. Nenda kwenye yadi mbili au tatu za magari, omba bei kwa maandishi yenye muhuri kwa gari linalolingana na lako. Sema ukweli kwamba ni kwa ajili ya bima. Wengine watakukatalia, wengine watakuandikia palepale.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda, maana asesa wengi huiruka: gharama ya kuliagiza lingine leo. Magari yetu mengi ni ya mitumba kutoka Japani, kwa hiyo bei ya mtaani inafuata dola na kodi. Chukua bei ya gari kama hilo hadi bandarini, weka kwenye kikokotoo cha TRA kilichopo kwenye tovuti yao, ambacho huhesabu kodi pamoja na ushuru wa uchakavu (unaotozwa magari ya zamani), kisha ongeza gharama za bandari na wakala wa forodha. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama shilingi 2,330. Katikati ya 2024 ilishapita 2,600. Mtu aliyeshusha gari 2023 na kupata ajali 2024 hawezi kukatwa uchakavu kwa asilimia za kitabuni kana kwamba shilingi ilisimama. Gari lake limezeeka mwaka mmoja, lakini kuliziba pengo lake kumepanda bei. Namba hii haitalipwa yote, kwa kuwa gari lako limeshatembea hapa, lakini inakuwa ukuta: thamani ya soko haiwezi kuwa mbali nayo sana bila maelezo.

Kama tofauti ni kubwa, lipia mthamini huru. Kwa tofauti ya laki tatu usihangaike.

Hatua ya 6: Barua

Barua fupi hushinda. Usiandike historia ya maisha wala kutishia kwenda kwa waandishi wa habari. Mfano:

"YAH: PINGAMIZI LA THAMANI, DAI NAMBA ____, GARI NAMBA T ___ ___
Nimepokea mchanganuo wenu wa tarehe ____ wenye thamani ya Sh. 10,500,000 kabla ya ajali. Sikubaliani na thamani hiyo kwa sababu: (a) ripoti imeandika injini ya sisi 1300 wakati kadi inaonyesha 1500; (b) matangazo matano ya magari yanayolingana, viambatisho 1 hadi 5, yana wastani wa Sh. 13,800,000, (c) gari lilifungwa matairi manne mapya, risiti ni kiambatisho 6. Baada ya kuzingatia punguzo la kawaida sokoni, naomba thamani irekebishwe kuwa Sh. 13,000,000. Kama hamkubali, naomba mnipe orodha ya magari mliyolinganisha nayo. Naomba majibu ndani ya siku 14."

Sentensi ya mwisho kabla ya siku 14 ndiyo yenye kazi. Mara nyingi hakuna magari waliyolinganisha nayo. Kulikuwa na asilimia tu. Yule mteja walimrudia na 12,700,000. Ukitoa eksesi 635,000, aliondoka na 12,065,000, zaidi ya milioni mbili juu ya ofa ya kwanza, na hakuna aliyepandisha sauti.

Hatua ya 7: Mkweche abaki nao nani?

Kuna njia mbili: wachukue mabaki wakulipe zote, au ubaki nayo wakate thamani yake. Piga hesabu, usisikilize fundi anayekwambia "hili linasimama, bosi". Tuseme wanayakadiria 4,000,000 na mnunuzi wako wa kweli anatoa 2,500,000. Ukibaki nayo unalipwa 8,065,000, ukiuza unafika 10,565,000, umepoteza milioni moja na nusu. Waachie. Wakiyakadiria 2,000,000 na una mtu wa milioni tatu mkononi, chukua, utafika 13,065,000. Mtu mkononi maana yake ameweka maandishi au amana. Aliyesema "nitakupigia" huyo hayupo.

Uliza pia nani analipa bredauni (gari la kuvuta) na ada ya yadi kwa kipindi mnachobishana. Inapanda kila siku, na mwishoni huibuka kwenye makato.

Hatua ya 8: Karatasi ya mwisho

Utaletewa hati ya kukiri kwamba kiasi hiki ni malipo kamili na ya mwisho. Ukisaini, mlango umefungwa. Usisaini ukiwa umesimama kaunta. Ichukue, isome nyumbani, linganisha jina, namba ya akaunti na kiasi.

Mkikwama, andika malalamiko rasmi kwa meneja wa madai na upate barua yao ya mwisho ya msimamo. Ukiwa nayo, peleka TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya 2009. Peleka bahasha ileile: mchanganuo, ripoti ya asesa, barua yako, matangazo. Mara kadhaa nimeona kampuni inapiga simu ya suluhu wiki ileile ilipopata nakala ya malalamiko.

Siku ya kukabidhi mabaki, nenda mwenyewe yadi. Toa vitu vyako, angalia chini ya viti na kwenye boksi la dashibodi, kisha dai risiti ya kukabidhi gari, kadi na funguo, yenye tarehe na saa. Faini za barabarani zikija baadaye kwenye namba hiyo, utaihitaji.