Namna ya Kupima Kama Mgombea Urais Aliyeshindwa kwa Kishindo Angeweza Kujinusuru

Mgombea urais anapobwagwa vibaya, lawama hutafutiwa upesi mahali pa kutua: hotuba moja, mgombea mwenza, au jioni moja ya mdahalo. Mara nyingi kinachotajwa kimeangushiwa jumba bovu. Iwapo kipigo kingeweza kuepukika ni jambo linaloweza kuchunguzwa, mradi mchunguzi asianze na hukumu. Mfano unaotumika zaidi hapa ni uchaguzi wa Marekani wa mwaka 1984, ambapo Walter Mondale wa chama cha Democratic alipata kura 13 za wajumbe wa uchaguzi, yaani wawakilishi wa majimbo ambao kura zao ndizo humchagua rais, dhidi ya 525 za Rais Ronald Reagan, akaambulia jimbo lake la Minnesota na mji mkuu wa Washington tu.

Anza kwa kutenganisha kushindwa na ukubwa wa kushindwa, kwa sababu sababu za mambo hayo mawili si lazima ziwe zile zile. Nchini Marekani, karibu kila jimbo humpa mshindi wake wajumbe wote hata akishinda kwa kura chache, na hivyo pengo la wastani miongoni mwa wananchi huweza kuonekana bonde kubwa katika hesabu ya wajumbe. Mwaka 1980 Jimmy Carter, rais aliyekuwa madarakani, alipata asilimia 41.0 ya kura dhidi ya asilimia 50.7 za Reagan, lakini wajumbe wake walikuwa 49 na wa mpinzani wake 489. Mondale hana kinga hiyo ya mfumo, kwani hata kwa kura za wananchi aliachwa mbali, asilimia 40.6 kwa 58.8.

Kisha chukua matokeo ya kila jimbo na ufanye hesabu, kazi ambayo wachambuzi wengi huikwepa ingawa ndiyo inayomaliza nusu ya ubishi. Jiulize: kama mgombea angemnyang'anya mpinzani pointi tano za asilimia katika kila jimbo, matokeo yangekuwaje? Pointi tano zikihama, pengo hupungua kwa kumi, na hilo ni badiliko kubwa ambalo kampeni nzuri peke yake hulileta kwa nadra. Kwa Mondale, majimbo aliyopoteza kwa pengo lisilofika pointi kumi yalikuwa saba: Massachusetts, Rhode Island, Maryland, Pennsylvania, Iowa, New York na Wisconsin. Yote yakiongezwa kwenye hesabu yake, anafikisha wajumbe 120, na Reagan anabaki na 418. Kwa kura za wananchi angekuwa ameshindwa kwa heshima, takriban asilimia 46 kwa 54, lakini ramani bado ingesomeka kama kipigo. Hesabu hiyo hiyo igeuze upande wa pili pia: Minnesota aliishinda kwa kura 3,761 tu, kwa hiyo mambo yangeweza kuwa mabaya zaidi.

Hatua inayofuata ni kuandika hali iliyokuwapo kabla ya mgombea kufungua mdomo. Tazama zaidi mwelekeo wa uchumi kuliko kiwango chake, kwa maana mpiga kura hukumbuka kama maisha yanapanda au yanashuka. Ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10.8 mwishoni mwa mwaka 1982, na kufikia Novemba 1984 ulikuwa umeshuka hadi zaidi kidogo ya asilimia 7, huku uchumi wa mwaka huo ukikua kwa zaidi ya asilimia 7. Kiwango cha ajira bado hakikuwa cha kujivunia, lakini mwelekeo ulikuwa wazi. Ongeza kwamba rais aliye madarakani hakuwa na mpinzani wa maana ndani ya chama chake, na kwamba Mondale mwenyewe alikuwa makamu wa Carter kuanzia 1977 hadi 1981, yaani alibeba mgongoni serikali ambayo wapiga kura walikuwa wameikataa miaka minne tu nyuma.

Usimcheke, hata hivyo, kwa kugombea. Mwanzoni mwa 1983 Reagan aliungwa mkono na takriban theluthi moja tu ya Wamarekani katika kura za maoni, na mtu mwenye akili timamu angeweza kuamini kwamba kiti kile kinachukulika. Uamuzi upimwe kwa yale yaliyojulikana siku ulipofanywa.

Sasa ndipo uyaendee makosa, kila moja na tarehe yake. Tarehe 19 Julai 1984, katika mkutano mkuu wa chama huko San Francisco, Mondale alitangaza kwamba kodi zingepanda, awe rais yeye au Reagan, na kwamba tofauti ni kuwa yeye amesema ukweli. Kwa maoni yangu lilikuwa kosa, kwa kuwa alimpa mpinzani tangazo la bure. Lakini Reagan alikuwa akiongoza kwa sehemu kubwa ya mwaka kabla ya hotuba hiyo. Uteuzi wa Geraldine Ferraro, mwanamke wa kwanza kuwa mgombea mwenza wa chama kikubwa nchini humo, uliamsha hamasa, kisha mjadala kuhusu fedha za mumewe ukala wiki muhimu za Agosti. Mdahalo wa Louisville, tarehe 7 Oktoba, ambamo Reagan alibabaika, ulimsogeza Mondale mbele kidogo, na mzaha mmoja wa Reagan kuhusu umri wake katika mdahalo wa Kansas City wiki mbili baadaye ukafunga mlango huo. Kwa kila tukio uliza lingehamisha pointi ngapi, na ulinganishe jibu na zile pointi tano.

Angalia vilevile jinsi chama kilivyofanya siku hiyo hiyo. Mwaka 1984 chama cha Democratic kilibaki na wingi katika Baraza la Wawakilishi na kuongeza viti viwili vya Seneti. Hii huonyesha kwamba sehemu ya pengo ilimhusu Mondale na Reagan wenyewe, si chama chote.

Ukitaka kupima utaratibu huu kwa kesi ngumu zaidi, chukua mwaka 1972. George McGovern, mgombea wa Democratic dhidi ya Rais Richard Nixon, alimteua Thomas Eagleton kuwa mgombea mwenza kwa haraka, akatamka kwamba anamuunga mkono kwa asilimia 1000 baada ya habari za matibabu yake ya akili kutoka, kisha akamwondoa siku chache baadaye. Kosa ni lake waziwazi. Lakini mwaka 1968 Nixon na George Wallace, mgombea wa tatu aliyekuwa nje ya vyama viwili vikubwa, walikuwa wamepata asilimia 43.4 na 13.5 za kura, jumla 56.9, na Wallace hakuwa tena kinyang'anyironi baada ya kupigwa risasi Mei 1972. Mwaka huo wa 1972 Nixon alipata asilimia 60.7. Hata tukikiri kwamba si wafuasi wote wa Wallace walihamia kwake, gharama ya sakata la Eagleton inapaswa kutafutwa kwanza ndani ya zile pointi nne zilizobaki, ambazo inazigombania na uchumi uliokuwa ukikua pamoja na safari za Nixon za China na Moscow.