Kuandika Wasifu wa Mzee Aliyekuwa Mwanajeshi, Kisha Polisi

Katika matanga mengi ya huku Magharibi mwa Kenya, wasifu wa marehemu huandikwa usiku wa Ijumaa, mwili ukiwa umeshafika nyumbani kutoka mochari, na ndiyo maana mzee aliyevaa sare maisha yake yote husomewa mistari minne: alizaliwa, aliajiriwa, akaoa, akastaafu. Anza siku ile ile kamati ya mazishi inapokutana mara ya kwanza.

Tafuta sanduku lake. Askari hatupi karatasi, na humo huenda ukapata cheti cha kuachiliwa jeshini, barua za uhamisho, barua ya pensheni na picha za gwaride zenye tarehe kwa nyuma. Karatasi na kumbukumbu zikipingana, fuata karatasi, hata kama anayekumbuka ni kaka mkubwa wa marehemu.

Tenganisha kazi zake mbili, kwa kuwa vyeo vya jeshi havilingani na vya polisi, na cheo alichokiacha kambini si lazima kiwe ndicho alichoanza nacho alipotoka Kiganjo, chuo cha mafunzo ya polisi. Tumia pia majina ya wakati wake. Aliyeandikishwa kabla ya Desemba 1963 aliingia Keya, yaani jeshi la kikoloni la King's African Rifles, wala si KDF (Kenya Defence Forces), jina lililokuja na Katiba ya 2010; Katiba hiyo hiyo ndiyo iliyoligeuza Jeshi la Polisi kuwa Huduma ya Polisi.

Sehemu yenye utamu iko kwa wenzake waliostaafu. Usiwaulize alikuwa mtu wa namna gani, kwani watakujibu kwamba alikuwa mtu mzuri, na hapo mazungumzo yataishia. Waulize walikula nini kwenye doria za kaskazini, nani alimpa jina la utani, na alifanya nini siku mshahara ulipochelewa. Nilipoandika wasifu wa mzee mmoja wa Vihiga, mwenzake aliniambia kwamba, katika zamu za usiku, marehemu aliwasomea mahabusu wasiojua kusoma barua walizoletewa na jamaa zao. Niliiweka habari hiyo mwanzoni kabisa, kabla hata ya mwaka wa kuzaliwa, ingawa kamati ilinung'unika.

Yako mambo ya kushika kwa uangalifu. Ikiwa alikuwa kambi ya Lanet askari walipoasi Januari 1964, au kambini siku ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, na hakuwahi kulieleza jambo hilo mwenyewe, taja kituo na mwaka, uishie hapo. Fanya vivyo hivyo kwa polisi aliyekuwa kazini Nakuru au Kisumu wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, maana miongoni mwa waombolezaji watakuwapo watu waliofiwa siku hizo, na sifa za kukisia zitawaumiza.

Mpe askari mwenzake asome sehemu ya kazi, mtoto asome ya nyumbani, na mwisho urudishe nakala moja ndani ya sanduku lile.