Mjukuu kachukuliwa na hamruhusiwi kumwona? Bibi na babu anzieni hapa

Nawaandikia mabibi na mababu wa hapa Tanzania mana hili limemkuta mama yangu. Dada alifariki mtoto ana mwaka na nusu, bibi ndo akamlea mpaka darasa la pili, jumapili moja baba mtu akaja na begi akamchukua na mama akakatazwa hata kumsalimia mjukuu kwenye simu. Kila aliyesikia anasema mtoto ni wa baba, bibi huna haki. Sio kweli jamani.

Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 37, inamruhusu ndugu anayemlea mtoto kuomba mahakamani akae naye, na cha 38 kinamruhusu ndugu aliyekuwa anamlea kuomba awe anamwona kwa vipindi. Ni maombi mawili tofauti, amua unataka lipi. Kukabidhiwa kabisa ni kazi mana sheria inapenda mtoto akae na mzazi, labda haki zake ziwe zinavunjwa.

Nenda kwanza kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya yako. Atawaita wote mkae, mkielewana iandikwe, siku gani, saa ngapi, nani anampeleka nani anamrudisha. Ikishindikana ndo Mahakama ya Watoto, na huko wataangalia maslahi ya mtoto, umri wake, asitenganishwe na ndugu zake, na yeye mwenyewe anasemaje, kwahiyo usimkaririshe maneno.

Sasa ushahidi, hapa ndo wengi tunakwama, bibi kalea miaka yote hiyo hana karatasi! Mama aliokolewa na mfuko wa nailoni aliokuwa anauweka chini ya godoro: kadi ya kliniki imechanika kwenye mikunjo, fomu ya shule jina lake limeandikwa sehemu ya mlezi, risiti za sare, cheti cha kifo cha dada. Ongezea cheti cha kuzaliwa cha mtoto, barua ya mwenyekiti wa mtaa na jirani wawili watakaokubali kusimama. Toa kopi, orijino usimwachie mtu.

Na tafadhali usiende kumbeba mtoto shuleni kwa nguvu wala kumficha, utajiharibia kesi yako mwenyewe. Kama huna hela ya wakili ulizia msaada wa kisheria, kuna sheria yake ya 2017 na kwa asiye na uwezo ni bure.

Yetu iliishia ustawi, mezani. Mtoto anakuja ijumaa jioni, anarudi jumapili, na ile karatasi ya makubaliano mama kaiweka kwenye mfuko uleule.