Mpangilio wa kazi unapobadilisha kasha la kompyuta

Juzi nimemaliza kasha la kompyuta la mtumba, la saizi ya kawaida iitwayo ATX. Nimelitoboa juu likapokea radieta ya milimita 240 (ile ya kupoza prosesa kwa maji, inayobeba feni mbili), nimekata dirisha la akriliki ubavuni, na nimelipaka bluu ndani na nje. Kazi nzima imekula siku kumi na mbili, na saba kati ya hizo nilikuwa nasubiri rangi ikauke. Kwa hiyo nikipata kasha jipya sianzi na drili. Nachukua karatasi, naandika kazi zote, halafu kila moja naiuliza: wewe ukifanyika, utaharibu nini kilichokwisha fanyika?

Jigsoo, yaani msumeno wa umeme, inakwaruza rangi, basi kukata kunatangulia kupaka. Unga wa chuma ukidondokea madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, unaunganisha njia za umeme zisizotakiwa kuungana, basi madabodi haiji karibu mpaka chuma kimeoshwa. Kwa kuuliza hivyo nimefika kwenye mpangilio huu.

Hatua ya 1: Funga kila kitu kwanza

Hapa ndipo wengi wanaparuka, na hapa ndipo nawaomba mkae muda mrefu kuliko popote. Kabla ya kufungua ribiti hata moja, yaani pini zinazoshika mabati ya kasha, weka ndani ya kasha madabodi, pawa saplai, kadi ya grafiki na nyaya zake zote, kana kwamba kazi imeisha. Piga picha kila upande. Kisha pima nafasi iliyobaki.

Kasha langu la pili lilinifunza hili kwa uchungu. Nilipima radieta peke yake, unene wake milimita 27, nikaona juu pana nafasi ya kutosha. Nikakata, nikapaka, nikasubiri wiki. Siku ya kufunga ndipo feni zilipokuja kukaa chini ya radieta, kila moja na milimita 25 zake, jumla 52, zikakaa juu ya plagi ya umeme wa prosesa iliyoko pembeni kabisa mwa madabodi. Plagi haikuingia. Matundu yalishakatwa na rangi ilishakauka.

Tangu hapo natengeneza radieta ya boksi. Nakata makatoni, nayagandisha mpaka yafike unene wa radieta na feni zake pamoja, nalishikiza bunda hilo kwa selotepu mahali ambapo radieta itakaa, kisha nachomeka nyaya zote. Kama kidole changu hakipiti kati ya boksi na plagi, nasogeza mchoro kabla chuma hakijaguswa.

Hatua ya 2: Chora, kisha vua

Bandika selotepu ya karatasi juu ya bati na uchore juu yake, maana kalamu haishiki vizuri kwenye chuma kilichopakwa rangi kiwandani. Feni ya milimita 120 ina matundu ya skrubu yaliyoachana milimita 105, na duara la hewa la milimita 115 hivi linatosha. Hata hivyo iweke radieta yako yenyewe juu ya mchoro uhakikishe matundu yanalingana. Ukisharidhika, toa vitu vyote, toboa ribiti, tenganisha mabati. Skrubu ziweke kwenye vifuko na uandike zimetoka wapi.

Hatua ya 3: Kata, matundu madogo kwanza

Piga alama kwa sentapanchi (msumari wa kutia kidonda ili drili isiteleze), toboa matundu ya skrubu wakati bati bado ni zima. Ukianza na duara kubwa, utepe wa chuma unaobaki unalegea, unatetemeka chini ya drili, na tundu linahama. Bati la kasha ni jembamba, kwa hiyo weka ubao chini yake na ulibane. Kata ndani kidogo ya mstari, umalizie kwa tupa.

Kabla ya msasa, funga radieta kwenye bati tupu. Tundu lililohama milimita moja sasa hivi linarekebishwa kwa tupa kwa dakika tano. Baada ya rangi linagharimu wiki nyingine.

Hatua ya 4: Msasa na praima, siku moja

Mimi niko Dar es Salaam, na huku pwani chuma kilichovuliwa rangi usisubirishe. Ukikisugua jioni ukalala, asubuhi unaweza kukuta wekundu wa kutu. Kwa hiyo siku ya msasa ndiyo siku ya praima, rangi ya kwanza ya kushikia: sugua asubuhi, osha kwa sabuni, kausha, futa kwa thina, puliza praima mchana jua likiwa kali. Siku ya mvua usipulize, unyevu unaipa rangi ukungu mweupe.

Kabla ya kupuliza, ziba kwa selotepu nyuzi za skrubu, vinguzo vya shaba vinavyobeba madabodi na sehemu pawa saplai inapogusana na kasha. Rangi inazuia umeme, na pale panahitaji chuma kwa chuma.

Hatua ya 5: Rangi, na kazi za kusubiria

Puliza tabaka nyembamba, ukifuata muda ulioandikwa kwenye kopo. Rangi ikikauka kwa kidole bado ni laini ndani, mimi naipa wiki nzima. Kwenye karatasi yangu wiki hiyo haiko tupu: nakata akriliki, nalainisha kingo zake, nasafisha feni, navisha nyaya. Karatasi ya kinga ya akriliki naiacha hadi siku ya mwisho.

Hatua ya 6: Kufunga

Bonyeza ukucha mahali pasipoonekana. Ukiacha alama, rudi kesho. Usipoacha, piga ribiti, kisha weka dirisha.

Kabla madabodi haijaingia, pindua kasha juu ya shuka jeupe na uligonge kwa kiganja kila upande. Kasha hili la juzi nilikuwa nimeliosha mara mbili, na bado kwenye mkunjo wa bati la chini kulidondoka chembe moja ya chuma, ndogo kama punje ya ulezi. Nikagonga tena mpaka shuka likabaki jeupe, ndipo nikaichukua madabodi.