Boksi lenye picha ya nazi halina tui: kuchagua maziwa ya mimea ughaibuni

Mwezi uliopita binti wa dada yangu alinipigia simu kutoka Leicester, wageni wako njiani. "Mama mdogo, wali umekataa. Hauna nazi kabisa!" Nikamwambia ageuze lile boksi anisomee viambato. Cha kwanza maji. Tui asilimia 5 na ushei, halafu mchele, chumvi, na vitu vya kukifanya kinywaji kiwe kizito. Mikono yake haikuwa na kosa. Alinunua kinywaji cha kunyunyizia kwenye nafaka za asubuhi, akakipikia wali.

Ndiyo maana nawaomba wenzangu mlio Uingereza na Ulaya: msinunue kwa picha ya mbele. Huku viambato huandikwa kwa uzito, kilicho kingi kwanza, na kile kinachotangazwa kwenye jina au picha lazima kitajwe kwa asilimia. Walio Marekani wataona mpangilio huohuo, ila asilimia si lazima. Tena kuna neno moja la kukuokoa. Mwaka 2017 Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba bidhaa za mimea zisiuzwe kwa jina la maziwa, isipokuwa zile chache zilizoruhusiwa, na tui la nazi limo. Kwa hiyo ukiona "drink" baada ya nazi, Berlin au Birmingham, hicho ni cha kunywa. Usikipeleke kwenye sufuria ya wali.

Tui la kupikia linakaa kwenye makopo, na kipimo chake ni mafuta. Viwango vya kimataifa vya chakula vinataka tui la kawaida lisipungue asilimia 10 ya mafuta, na tui zito lisipungue 20. Mimi hutafuta kopo lenye gramu 17 au zaidi kwa kila 100. Hilo linakaribia tui la kwanza, na ukilichanganya na maji unapata la pili la kuivishia mchele au maharage. Kopo lililoandikwa "light" ni tui la pili ulilouziwa limeshatiwa maji, na mara nyingi bei haipishani sana. Nunua zito, maji utie mwenyewe.

Viambato viwe vichache: nazi na maji, pengine na gamu ya guar inayozuia mafuta yasijitenge. Gamu hiyo haina ubaya, lakini kopo lisilo nayo ndilo ninalolipenda, kwa sababu kasimile, yaani tui zito, hupanda juu na unaichota kwa kijiko. Wengi hulitupa wakidhani limeharibika, hasa msimu wa baridi wanapokuta bonge jeupe gumu. Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na nyumba za huku hazifiki joto hilo Januari. Liweke kopo kwenye maji ya moto kabla ya kulifungua, litalainika.

Zile bloku za nazi ni nyama yote ya nazi iliyosagwa, haikukamuliwa, kwa hiyo chicha imo ndani. Kwa maharage zinafaa. Kwa samaki wa kupaka utaisikia punje ulimini. Na ukiwa karibu na duka la Wahindi, angalia kwenye friza: nazi iliyokunwa ikagandishwa. Isage na maji ya vuguvugu, ikamue kwa kitambaa safi. Hakuna kopo linaloshindana nayo.

Tukija kwenye chai, maziwa ya oti ndiyo yanayostahimili, hasa yale ya "barista", kwa kuwa yana mafuta zaidi na chumvi za fosfeti zinazozuia yasikatike. Chemsha majani na tangawizi kwenye maji kwanza, uzime moto, ndipo uyatie. Soya hukatika kwa urahisi zaidi. Lakini wenye kisukari waangalie: vimeng'enya vya kiwandani hugeuza wanga wa oti kuwa sukari, hivyo boksi linaweza kusema halikuongezwa sukari na bado likawa na gramu 4 katika mililita 100. Kikombe cha mililita 250 ni sawa na vijiko viwili na nusu vya chai.

Kwa watoto nawasihi tusibahatishe. Kabla ya mwaka mmoja, maziwa ya mimea ya dukani si mbadala wa maziwa ya mama wala ya kopo ya watoto wachanga. Baada ya hapo, huduma ya afya ya Uingereza inaruhusu soya, oti au lozi yasiyotiwa sukari na yaliyoongezwa kalisi (kalsiamu). Ya mchele inayakataza kwa walio chini ya miaka 5, kwa sababu ya sumu ya aseniki. Soya ndiyo yenye protini inayokaribia ya ng'ombe, gramu 3 na zaidi kwa mililita 100. Lozi mara nyingi ni asilimia 2 tu ya boksi, protini haifiki hata gramu moja. Tafuta kalisi miligramu 120 kwa mililita 100, vitamini B12, na madini joto (ayodini), ambayo maziwa mengi ya mimea hayana.

Na hapa wazazi wengi huteleza: boksi la kilimo hai ("organic"), la bei ya juu, kwa kawaida halina kalisi iliyoongezwa. Kanuni za Ulaya za kilimo hai haziruhusu. Mwaka 2021 kampuni ya Kijerumani, Natumi, iliyokuwa ikitumia mwani wenye kalisi, ilishindwa mahakamani kwa jambo hilo. Kama mtoto anategemea boksi hilo, lile la kawaida lililoongezewa linamfaa zaidi.

Litikise kabla ya kumimina, maana kalisi hutuama chini. Likishafunguliwa likae kwenye friji na liishe ndani ya siku tano au kama lilivyoandikwa. Tui linalobaki lihamishe kutoka kwenye kopo, uligandishe kwenye trei ya barafu. Vipande vitatu vinne vinatosha mchuzi wa mtu mmoja.