Msukumo wa udongo kwenye ukuta: chora pembetatu kwanza

Tuchukue swali la kawaida la mtihani wa usanifu majengo. Ukuta wa wima una kimo cha mita 3. Nyuma yake kuna mchanga mkavu, tambarare kwa juu, wenye uzito wa kN (kilonewtoni) 18 kwa mita ya ujazo na pembe ya msuguano wa ndani ya nyuzi 30. Tafuta kani inayousukuma ukuta na momenti ya kuupindua (kani mara umbali wake kutoka kitako).

Hatua ya 1. Usiguse kikokotoo bado. Chora ukuta, kisha pembetatu ya mgandamizo: sifuri juu, pana kabisa kwenye kitako. Hesabu yote inatoka humo.

Hatua ya 2. Tafuta Ka, yaani sehemu ya mgandamizo wa wima wa udongo inayousukuma ukuta kwa pembeni, kwa kanuni ya mhandisi Rankine ya mwaka 1857:
Ka = (1 − sin 30°) ÷ (1 + sin 30°) = 0.5 ÷ 1.5 = 1/3
Kanuni hii inafaa kwa ukuta unaoweza kuinama kidogo. Ukuta wa chini ya ardhi ulioshikwa na zege la sakafu kwa juu hauinami. Hapo tumia 1 − sin 30°, yaani 0.5. Soma swali vizuri, maana tofauti hiyo inaongeza kani kwa nusu nzima.

Hatua ya 3. Mgandamizo kwenye kitako: 1/3 × 18 × 3 = kN 18 kwa mita ya mraba. Eneo la pembetatu ndiyo kani: ½ × 18 × 3 = kN 27 kwa kila mita ya urefu wa ukuta.

Hatua ya 4. Kani hupita theluthi ya kimo kutoka chini, yaani mita 1. Momenti: 27 × 1 = kNm 27.

Je, juu ya mchanga kuna maegesho yenye mzigo wa kN 10 kwa mita ya mraba? Huo huchora mstatili: 1/3 × 10 × 3 = kN 10, katikati ya kimo. Ongeza 10 × 1.5 = kNm 15; jumla 42.

Sasa maji, ambayo mimi nayaogopa kuliko udongo. Yakijaa hadi juu, yanasukuma ½ × 9.81 × 3² = kN 44 peke yake, kwani maji hayana msuguano na Ka haiyapunguzi. Mchanga uliozama huwa mwepesi, takriban kN 10 kwa mita ya ujazo, hivyo msukumo wake unashuka hadi kN 15. Jumla ni kN 59, zaidi ya mara mbili ya ukuta mkavu. Kwa hiyo kwenye mchoro wako onyesha matundu ya kutolea maji, na kokoto nyuma yake ili mchanga usiyazibe.